Je, Wajua? Maswali ya Mita ya LUKU Ambayo Facebook Ilisahau Kuuliza

Je, wajua kwamba tokeni ya umeme iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la shule, kule Muleba, mkoani Kagera, imefungwa kwa ustadi ambao mifumo ya kampuni tajiri kabisa duniani imewahi kuukosa?

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya shangazi yangu wa Kamachumu, hukohuko Muleba. Jioni moja nikiwa Bukoba mjini nilimnunulia umeme kwa simu, nikamtumia zile tarakimu 20 kwa meseji. Haikupita robo saa, akapiga.

"Mwanangu, mita imekataa."

"Shikamoo shangazi. Umeingiza zote ishirini?"

"Marahaba. Zote. Nimerudia mara tatu, mtoto wa jirani ananisomea."

Tuliulizana hadi ikajulikana kwamba rimoti ya mita aliyoshika ilikuwa ya banda la wapangaji, si ya nyumba kubwa. Kiwanja ni kimoja, nguzo ni moja, na mwenye nyumba zote mbili ni yeye. Mita ya banda haikujali lolote kati ya hayo. Ililetewa namba zisizo zake, ikazikataa. Alipovuka uwanja hadi nyumba kubwa na kubonyeza namba zilezile, taa zikarudi.

Kinachotokea ndani ya kile kisanduku ni hiki. Tokeni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, hutengenezwa kwa kanuni iitwayo STS, iliyozaliwa Afrika Kusini na leo inatumika katika nchi nyingi. Tarakimu 20 unazopewa hazikuokotwa tu. Ndani yake mna kiasi cha uniti ulizonunua na dakika ambayo tokeni ilitolewa, na vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Unapoziingiza, mita inajiuliza mambo matatu. Hii ni yangu? Imeshatumika? Ni ya zamani kupita zile ninazozikumbuka? Jibu la swali moja likiwa baya, hupati umeme. Mita nyingi za kawaida hufanya kazi hiyo bila laini ya simu wala intaneti, zikiwa peke yake ukutani huku mvua ya Kagera ikinyesha.

Yashike vizuri maswali hayo matatu, maana visa kadhaa vinavyofuata ni vya mifumo iliyosahau kuuliza mojawapo.

Je, wajua kwamba wewe nawe unatembea na tokeni, hata kama nyumbani kwako mnatumia kibatari? Unapofungua Facebook au barua pepe kwenye simu, nywila uliiandika siku moja tu. Hukuulizwa tena jana, wala leo asubuhi. Baada ya kukutambua siku ile, seva ilikupa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba unaotunzwa ndani ya simu. Tangu hapo, kila unapobonyeza kitu, simu huionyesha tokeni ile na seva hukufungulia. Kuandika nywila ni kama kujieleza kwa mlinzi getini. Tokeni ni kile kitambulisho cha mgeni anachokuvika shingoni ili huko ndani usiulizwe tena.

Kitambulisho hicho kinasema wewe ni nani na unaruhusiwa kufika wapi. Mgeni anaishia mapokezi, karani anaingia ofisini, msimamizi mkuu anafungua kila chumba. Mdukuzi anayeijua kazi yake hahangaiki kuvunja mlango wa msimamizi. Anaingia kama mgeni, kihalali kabisa, kisha anatafuta namna ya kuvaa kitambulisho cha mwingine. Huko ndiko kujipandisha cheo ndani ya mfumo, na ni jambo wanalolihofia sana wanaolinda kompyuta, kwa sababu ukitazama kumbukumbu za mfumo unaona mtu halali anafanya kazi halali.

Sasa tuingie kwenye kisa ambacho huenda kilipita hadi kwenye simu yako.

Septemba 28, 2018, Facebook ilitangaza kwamba wadukuzi wameiba tokeni za watumiaji wake. Watu wapatao milioni 90 walitolewa kwenye akaunti zao na kutakiwa kuandika nywila upya. Kama mwishoni mwa mwezi huo ulishangaa Facebook imekutoa bila kosa lolote, yawezekana ulikuwa mmoja wao.

Facebook ilikuwa na kitufe cha kukuonyesha ukurasa wako jinsi mtu mwingine anavyouona. Ni kitu chema. Chukua mfano wa binti wa Nshamba anayetaka kuhakikisha kwamba mjomba wake haoni picha za sherehe. Anachagua jina la mjomba, na ukurasa unageuka kuwa kama mjomba anavyouona. Ilipaswa kuwa kutazama tu. Lakini mahali pa kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa palijitokeza kimakosa kisanduku cha kupakia video, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili, toleo la kisanduku hicho lililowekwa Julai 2017 lilikuwa likitengeneza tokeni yenye uwezo wa programu nzima ya Facebook ya kwenye simu, jambo ambalo hakuna aliyelihitaji. La tatu ndilo lililoangusha nyumba. Tokeni hiyo haikutoka kwa jina la binti anayetazama. Ilitoka kwa jina la mjomba.

Binti aliomba kuona kwa macho ya mjomba, akakabidhiwa funguo za nyumba ya mjomba. Akishakuwa ndani ya akaunti ya mjomba, anaweza kurudia jambo lilelile kwa marafiki wa mjomba, kisha kwa marafiki wa hao marafiki. Wadukuzi walifanya hivyo hasa, tena kwa programu iliyokimbia yenyewe. Walianza na akaunti walizokuwa nazo mkononi, wakafika akaunti kama 400,000, na kutokea hapo wakapata tokeni za watu wapatao milioni 30. Mwanzoni kampuni ilihofia ni milioni 50. Kati ya hao milioni 30, watu milioni 14 walichukuliwa hadi taarifa kama mji wanaoishi, dini, tarehe ya kuzaliwa na mahali walipokuwa wametembelea karibuni.

Wahandisi wa Facebook waliona ongezeko lisilo la kawaida Septemba 14, wakatambua ni shambulio Septemba 25, wakaziba tundu siku mbili baadaye. Lilikuwa wazi tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Desemba 2024 mamlaka ya Ireland ya ulinzi wa taarifa iliitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 251 kwa kisa hicho.

Kila kosa kati ya matatu lingekuwa peke yake, madhara yake yangekuwa madogo. Hata hivyo hukumu yangu siifichi. Kitufe cha kutazama hakikupaswa kabisa kukaa karibu na kitu kinachotoa funguo, na tokeni haikupaswa kuandikwa jina la mtu ambaye hakuwapo, hakuulizwa na hakujua. Swali la kwanza la mita, hii ni ya nani, halikuulizwa.

Je, wajua kwamba kosa la jamii hii lina jina lake tangu 1988? Mwaka huo Norm Hardy, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kisa cha kampuni ya Tymshare, iliyokuwa ikikodisha muda wa kompyuta kwa wateja. Palikuwa na programu ya kutafsiri msimbo ulioandikwa na wateja. Ilipewa ruhusa ya kuandika takwimu za matumizi ndani ya folda ya mfumo, na ndani ya folda hiyohiyo mlikuwa na faili la bili za wateja wote. Mteja naye aliruhusiwa kutaja jina la faili ambamo angependa matokeo fulani yaandikwe. Siku moja mteja akataja faili la bili. Programu haikujiuliza inatumia ruhusa ya nani. Ilikuwa na ruhusa yake ya kuandika humo, ikaandika, na kumbukumbu za bili zikapotea.

Hardy aliiita programu ile naibu aliyechanganyikiwa. Mamlaka ni ya bosi, maagizo ni ya mteja, naye hajui kutenganisha ya huyu na ya yule.

Wakulima wa kahawa wa Muleba hawatahitaji maelezo marefu. Mweke karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mbele ya macho yako, mwenye ufunguo wa stoo na wa kabati la madaftari. Mkulima haruhusiwi kugusa daftari kuu. Lakini anasema, "Ndugu karani, kilo zangu niandikie kwenye daftari lile la juu, ukurasa ule wa kwanza." Karani anainuka, anafungua kabati kwa ufunguo wake halali, anachukua kalamu yake halali, na anaandika juu ya hesabu za wenzake mia mbili. Kufuli ni zima. Hakuna saini iliyoghushiwa. Mkutano mkuu ukikaa kutafuta mwizi hautampata, lakini hesabu za watu zimeshapotea.

Dawa ya karani huyo inajulikana, nayo ni kwamba anapofanya kazi ya mkulima, atumie ruhusa ya mkulima, aiache yake mezani. Mkulima asiyeweza kugusa daftari kuu kwa mkono wake asiweze kuligusa kwa mkono wa karani.

Windows ililijua hilo tangu zamani. Toleo la NT, lililotoka Julai 1993, lilikuja na utaratibu wa kuipa kila programu tokeni inapoanza kazi, na wa kuziruhusu programu za huduma kuvaa kwa muda tokeni ya mteja zinayemhudumia. Ni dawa ileile ya karani. Tatizo likahamia upande wa pili. Je, ikiwa karani ni mdogo na mteja ni mkubwa? Karani mwenye nia mbaya anamvuta mkubwa dirishani, anavaa tokeni yake, na haivui. Mwaka 2008 mtafiti wa Argentina, Cesar Cerrudo, alionyesha hadharani jinsi inavyofanyika, akauita utekaji wa tokeni.

Tangu 2016 mbinu za ukoo huo zimekuwa zikibatizwa majina ya viazi. Kilianza kiazi cha moto, kikaja kilichooza, kikafuata chenye maji mengi, kisha kiazi jambazi, hadi kiazi cha mungu. Vyote vinaichokoza sehemu ya Windows yenye cheo cha juu kabisa hadi ijitambulishe kwa programu ya cheo cha chini. Tundu moja likizibwa, watafiti hupata jingine mita chache mbele.

Je, wajua kwamba iliwahi kuwepo tokeni iliyosema "sina saini" na ikakubaliwa? Kuna aina ya tokeni inayotumiwa sana na tovuti, iitwayo JWT. Kwa kawaida hubeba saini ya kihesabu inayothibitisha kwamba haikuchezewa, na mwanzoni mwake huandikwa ni aina gani ya saini imetumika. Kanuni yake iliruhusu kuandika kwamba hakuna saini. Mwaka 2015 mtafiti Tim McLean alitangaza kwamba maktaba kadhaa za programu zilizotumika duniani zilikuwa zinasoma neno hilo na kuipitisha tokeni kana kwamba imethibitishwa. Ni sawa na kufika mpakani Mutukula na hati ya kusafiria iliyoandikwa juu "hati hii haina muhuri", na ofisa akakufungulia njia kwa kuwa umesema kweli.

Kwa ufupi tu, jingine la kale zaidi. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti kijana Allan Scherr alikuwa amepewa saa chache za kompyuta kwa wiki, na hazikumtosha. Akapeleka kadi ya kuomba faili la nywila za watumiaji wote lichapwe. Likachapwa. Mashine iliangalia kama ombi limeandikwa sawasawa, haikuangalia ni nani anaomba.

Kilichonishtua kuliko vyote ni cha juzi tu. Julai 2025, mtafiti wa Uholanzi Dirk-jan Mollema alikuwa akichunguza Entra ID, mfumo wa Microsoft unaotunza utambulisho wa wafanyakazi wa kampuni, vyuo na ofisi za serikali duniani kote. Alikutana na tokeni maalumu ambazo huduma za Microsoft huzitumia kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye tokeni ya namna hiyo aliweza kusema "naongea kwa niaba ya fulani" na akaaminiwa. Ilidumu saa 24, na ndani ya saa hizo hapakuwa na namna ya kuifuta. Sasa ongeza hili. Huduma moja ya zamani iliyozipokea tokeni hizo haikukagua zimetoka taasisi gani. Tokeni aliyoipata kwenye akaunti yake ya majaribio ingeweza kumfanya msimamizi mkuu ndani ya taasisi asiyoijua, ambayo hajawahi kuikanyaga.

Alitoa taarifa Julai 14, Microsoft ikaziba Julai 17, na Septemba dunia ikaambiwa. Kosa lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukubwa wa hatari. Microsoft ilisema haikuona dalili kwamba kuna aliyelitumia vibaya. Mtafiti angekuwa mtu mwingine, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Mita ya banda la wapangaji kule Kamachumu ilikataa tokeni ya nyumba iliyo hatua thelathini kutoka hapo, yenye mmiliki yuleyule. Huduma ile ya Microsoft ingepokea tokeni kutoka bara jingine.

Hapa nyumbani tusijione mbali. Mutukula si mbali kwa gari kutoka Bukoba, na wafanyabiashara wengi wa huku wana laini mbili mfukoni, ya Tanzania na ya Uganda. Jumamosi ya Oktoba 3, 2020, upande wa pili wa mpaka, kuhamisha fedha kati ya benki na simu kulikwama. MTN, Airtel na Benki ya Stanbic ya Uganda zilitoa tamko la pamoja kwamba tatizo limetokea kwa mtoa huduma wa kati na kwamba salio za wateja hazijaguswa. Mtoa huduma huyo alikuwa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha mitandao ya simu na mabenki. Iliripotiwa kwamba wadukuzi walitoa fedha kupitia laini za simu zipatazo 2,000. Hawakulazimika kuvunja mlango wa kila benki na wa kila mtandao. Walimfikia karani wa katikati, ambaye pande zote zilikuwa zimeshakubaliana kumwamini.

Turudi kwenye LUKU, maana ina siri moja ambayo wengi waliipitia bila kuelezwa. Unakumbuka mwaka 2024 ulinunua umeme ukaletewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja? Watu walilalamika. Wengine walidhani ni utapeli. Wazee waliitiwa wajukuu wawasomee namba hadi sauti zikakauka.

Sababu ilikuwa saa. Dakika inayoandikwa ndani ya kila tokeni huhesabiwa kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, karibu miaka 32. Zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024. Siku hiyo ikipita, mita isiyorekebishwa ingeiona kila tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Na kama mafundi wangeifuta tu kumbukumbu ya mita ili ianze upya, tokeni zilizokwisha kutumika, zile zilizobaki kwenye madaftari na kwenye meseji, zingeweza kuingizwa tena na kukubaliwa. Mtu angekula umeme wa bure kwa karatasi kuukuu. Kwa hiyo makundi mawili ya mwanzo yalibadilisha ufunguo wa siri wa mita, na kwa ufunguo mpya karatasi zote za nyuma zikafa palepale. Kundi la tatu ndilo lililokuwa umeme wako.

Siku nilipoelewa hesabu hiyo niliwaheshimu waliobuni kanuni ile. Saa yao ilikuwa na mwisho, lakini ulikuwepo mlango wa kuirekebisha. Hesabu mpya inaanzia 2014, nayo itakwisha Novemba 2045.

Lakini tokeni njema haimlindi mtu akiibiwa mtambo wa kuitengeneza. Mwishoni mwa 2024, shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, lilikiri kwamba mfumo wake wa kuuzia umeme umeingiliwa na tokeni haramu zimetolewa. Mita za watu zilizipokea bila wasiwasi. Zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo sahihi, ni mpya, hazijatumika. Maswali yote matatu yalijibiwa vizuri. Aliyejipandisha cheo alikuwa nyuma kabisa, pale tokeni zinapozaliwa, na huko mita haioni.

Sasa nikupeleke Muleba mjini, kwenye steshenari moja wakati wa msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi. Foleni imetoka hadi barazani. Kijana anakaa, anajaza fomu, analipa, anafunga dirisha la kivinjari na kuondoka. Nilikaa baada yake nikitaka kuchapa waraka wangu. Nilipofungua ukurasa wa barua pepe, kilichotokea mbele yangu kilikuwa kikasha chake. Cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), matokeo ya kidato cha sita, vyote vipo. Kompyuta haikuniuliza mimi ni nani. Tokeni yake ilikuwa bado hai, na kwa seva mimi nilikuwa yeye. Ningetaka kubadilisha nywila ya akaunti zake nyingine, barua za uthibitisho zingekuja mikononi mwangu.

Nilibonyeza pa kutoka, nikamweleza dada wa steshenari. "Kaka, wanasahau kila siku," alinijibu, huku akipokea fedha za mwingine.

Kufunga dirisha hakuiui tokeni. Kutoka ndiko kunakoiua. Tofauti hiyo ifundishwe shuleni pamoja na namna ya kushika kipanya.

Je, wajua kwamba kuna wakati tokeni zilinaswa hewani? Oktoba 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa programu ndogo aliyoiita Firesheep. Ukikaa mgahawani penye waifai isiyo na nywila, iliorodhesha majina ya waliokuwa karibu nawe wakitumia Facebook na tovuti nyingine. Ulibofya jina, ukawa ndani ya akaunti. Tovuti nyingi wakati huo zilifunga kwa siri ule ukurasa wa kuandika nywila tu, kisha tokeni ikasafiri wazi. Butler aliitoa makusudi ili kampuni ziaibike na zifunge safari nzima. Kufuli la kando ya anwani ya tovuti lilienea baada ya misukosuko ya aina hiyo.

Sheria yetu nayo imeligusa jambo hili mahali ambapo wengi hawapafahamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inakataza katika kifungu cha 4 kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Hilo wengi wanalijua. Kifungu cha 5 kinakataza kubaki. Mtu aliyeingia kihalali, muda wake wa ruhusa ukaisha, akaendelea kuutumia mfumo kwa makusudi, ametenda kosa. Mfanyakazi aliyeacha kazi Ijumaa na Jumatatu bado anafungua barua pepe za ofisi kwa simu yake anaguswa na kifungu hicho. Ofisi iliyosahau kumfutia tokeni nayo haijatulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Kwa vijana wa Bukoba wanaoandika programu za shule, za zahanati, za vyama vya msingi: nawasihi msiseme mfumo wenu ni mdogo mno kudukuliwa. Tokeni muipe muda mfupi. Iandikwe ni ya nani na ni ya kazi gani, na seva ikague yote mawili kila inapoipokea, hata kama imetoka kwa huduma yenu wenyewe ya chumba cha pili. Na siku mtu anapoondoka kazini, tokeni zake zife kabla hajafika stendi.

Kwa wewe usiyeandika programu, kuna mambo ya kufanya leo hii yasiyokugharimu kitu. Fungua WhatsApp, tafuta mahali penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na ukikuta kompyuta usiyoikumbuka, iondoe. Facebook na Google nazo zina orodha ya simu na kompyuta zilizo ndani ya akaunti yako, pamoja na kitufe cha kuzitoa zote. Kisha bonyeza *106# kwenye simu yako uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako ni tokeni yenye jina lako, hata ikiwa mkononi mwa mtu usiyemjua. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao huo ikafutwe. Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040. Na ukienda steshenari, kabla hujainuka kitini, bonyeza pa kutoka.